Nile na Nani

Kazi yangu kituoni ni kuhakikisha mgonjwa hapotei njiani. Sisemi barabarani, ingawa na huko wanapotea. Nasema kati ya zahanati ya kijijini kwake na sisi wa Karatu mjini, kati ya sisi na hospitali kubwa, kati ya daktari wa leo na daktari wa kesho. Mtu anaandikiwa rufaa asubuhi, jioni hajulikani yuko wapi. Mwingine anapimwa damu, majibu yanatoka, kumbe keshapanda gari kurudi Endabash kupalilia mahindi. Basi mimi nampigia yeye, simu imezimwa. Nampigia jirani, nampigia mwenyekiti wa kitongoji, nampigia mwalimu wa kwaya, mpaka mtu arudi. Mlangoni kwangu wameandika mratibu wa huduma za wagonjwa, lakini wagonjwa wenyewe hawana muda na maneno marefu. Wanauliza tu, yule mama wa simu yupo?

Niseme mapema kwamba nina hasira za karibu. Nimekulia Endabash kwenye nyumba ya watoto wengi, na kwetu aliyeongea taratibu alilala na njaa. Mume wangu anasema nikipika hata sufuria zinaniogopa. Lakini hasira zangu hazikai. Zinakuja na kelele, zinaondoka, na mara nyingi zinaniacha namtafuta niliyemfokea ili nimpe chai.

Huyu ninayemkumbuka aliletwa na baba yake kutoka juu, Ngorongoro, ndani ya lori la mahindi. Muuguzi wa zahanati ya kwao alikuwa amenipigia kabla. Huwa anapanda kilima kutafuta mtandao, kwa hiyo anaongea anahema. "Dada," aliniambia, "nakutumia kijana. Anakunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi, anakojoa usiku kucha, na nyama zote zimemwisha. Mimi nahisi sukari. Usimwache apite." Nilimwambia hatapita.

Alikuwa morani, kijana ambaye kwao ndiyo kwanza wamempa fimbo na heshima ya kulinda ng'ombe. Shuka ilimwelea mwilini. Nywele ndefu zilizosukwa na kupakwa udongo mwekundu zilikuwa kitu pekee kwake kilichokuwa bado kizima. Tulipompima, sukari ilikuwa juu kiasi kwamba mashine ilikataa kutoa namba. Daktari wetu, mtu wa Kagera, mpole na mwenye kupenda mambo yaliyopangika, alimlaza saa hiyo hiyo, akamwekea maji, akaanza kumchoma insulini. Baba yake alikaa kwenye benchi la nje na fimbo yake kati ya magoti, akisubiri kuambiwa kama mwanawe anakufa. Nilipomwambia hafi, aliuliza ni dawa ya siku ngapi. Nikamwambia ni ya maisha. Akauliza tena swali lile lile, akidhani sikulisikia vizuri.

Wodini kijana alipona haraka hadi tukajisifu. Kitanda cha jirani alilazwa morani mwenzake aliyevunjika mguu kwa kuanguka na bodaboda. Wawili hao walikuwa wakiletewa chakula kwenye sahani mbili na wao wanakichanganya kwenye moja, wanageukia ukutani, wanakula wanacheka. Manesi waliwagombeza kwa kumwaga wali kwenye mashuka. Sukari ya kijana ikawa inapanda na kushuka kwa adabu, asubuhi na jioni. Daktari alisema ndiyo faida ya usimamizi wa karibu. Na mimi nikaitikia, maana huo usimamizi ulikuwa wetu.

Shida ilikuwa baada ya hapo. Kumrudisha kwao bila kujua kujichoma mwenyewe ilikuwa sawa na kumrudisha kaburini. Kumwacha wodini haikuwezekana, kulikuwa na watu wanalala wawili wawili. Nikapanga. Kupanga ndiyo furaha yangu. Nilikuwa nasali na mjane mmoja, Mwiraqw mwenzangu, au Mmbulu kama wengi wanavyotuita, nyumba yake iko nyuma tu ya kituo, ana ng'ombe wawili wa maziwa na mkono wa kupika ambao mtaa mzima unaujua. Alikubali kumpokea. Kijana angekuja kituoni saa kumi na mbili asubuhi, nesi anamchoma huku anamfundisha, anatembea hatua chache, anakuta chakula mezani. Jioni hivyo hivyo. Baba akaridhika, akapanda lori la kurudi. Nilijiona nimefanya kazi safi.

Wasiojua sukari niwaeleze jambo moja tu, kwa sababu kila kitu kinasimama hapo. Ukichoma insulini ni lazima ule. Usipokula, dawa inaifagia sukari yote iliyomo kwenye damu, mtu anatoka jasho jembamba, anatetemeka, anaongea vitu visivyoeleweka, anaanguka. Asipowahiwa, haamki.

Na yeye alianguka. Mjane alimleta asubuhi juu ya bodaboda, yeye amekaa nyuma na kijana katikati, kanga imemdondoka hana habari. Tulimchoma maji ya sukari, akafumbua macho. Daktari akapunguza dozi. Baada ya hapo sukari ikapanda mno, akairudisha dozi ya mwanzo. Kijana akaanguka tena. Ikawa hivyo, leo juu kesho chini, hadi daktari akawa anakuja ofisini kwangu kuitazama tu karatasi ya vipimo, kama mtu anayetazama injini ya gari la mwenzake. Kitu kimoja tu kilikuwa cha ajabu. Siku za mnada, kijana alikuwa mzima. Alikwenda huko kutwa, akarudi na sukari nzuri kabisa.

"Anakula?" nilimuuliza mjane.

"Nampa," akasema.

"Nimeuliza anakula?"

Hapo ndipo akaangalia chini. "Dada, sijui nikwambie nini. Anaacha. Anasema ameshiba. Anakunywa chai kidogo, basi. Nimempa ugali na maziwa, nimempa makande, nimempa wali, juzi nimemchinjia jogoo. Toka nimeolewa hakuna aliyeniachia chakula." Machozi yalikuwa karibu. Kisha akasema kitu ambacho najua kilimuuma tangu mwanzo. "Labda anaona chakula cha Wambulu ni uchafu. Zamani wao na sisi tulikuwa tunaibiana ng'ombe. Labda kwao bado wanasema."

Daktari alikuwa na mawazo yake, kwamba kijana ana huzuni, na ugonjwa wa maisha humfanya mtu akate tamaa. Alitaka nimtafutie mshauri. Mimi nilikuwa na mawazo mafupi zaidi. Niliona ni mkaidi. Nikavaa viatu vyangu vya kutembelea nikaenda kwa mjane jioni, baada tu ya sindano, nimkute mwenyewe.

Nilimkuta amekaa nje kwenye kigoda, ameutazama mlango wa uzio. Chakula kilikuwa ndani mezani, kimefunikwa na sahani juu, mvuke bado unatoka pembeni. Mjane alikuwa jikoni anajifanya anaosha vyombo. Nikaanza. Nilimwambia tumehangaika naye, daktari halali, baba yake kamwacha mikononi mwetu, mama wa watu kamaliza majogoo, na yeye anakaa hapa anasubiri kufa kama hana akili. Niliongea kwa sauti ambayo majirani waliisikia, baadaye waliniambia. Yeye aliinamisha kichwa akanisikiliza hadi mwisho, kama alivyofundishwa kumsikiliza mtu aliye sawa na mama yake.

Kisha nikaona mkono wake unatetemeka kwenye fimbo. Hasira zikaniishia hapo hapo. Nilimwita mjane, akaja mbio na kikombe cha maji ya sukari. Nikamshika kijana kichwa, nikamnywesha kidogo kidogo, udongo mwekundu wa nywele zake ukanipaka blauzi yote. Hayo aliyanywa. Kwake hiyo ilikuwa dawa, siyo chakula. Tulikaa hivyo mpaka macho yake yakarudi.

Nadhani ni kwa sababu nilikuwa nimechoka ndiyo maana nikauliza taratibu. "Mwanangu, kwa nini huli?"

Akanitazama kama anashangaa kwamba nilikuwa sijui.

"Nile na nani?" akasema.

Kiswahili chake kilikuwa kizuri, alimaliza darasa la saba. Alinieleza polepole, kwa aibu, huku akiangalia pembeni, maana siyo maneno ya kijana kumweleza mama. Morani hali peke yake. Anakula na mtu wa rika lake, aliyetahiriwa naye, na kama hayupo anamsubiri, na asipokuja analala. Tena hali mbele ya wanawake walioolewa. Kula peke yako ni tabia ya mtoto, au ya mtu mchoyo, na wakijua nyumbani watamwimbia nyimbo za kumcheka. Mama mwenye nyumba ni mwema sana, akasema, chakula chake kinanukia mpaka tumbo linaniuma. Lakini kila siku alikuwa anakiweka mezani kwa mtu mmoja.

Mjane aliposikia kwamba harufu ya chakula chake ilimuumiza kijana tumbo alikaa chini kwenye ngazi akaanza kulia na kucheka kwa pamoja.

Mimi nilikuwa nafikiria wodi. Yule aliyevunjika mguu. Sahani mbili zinazogeuka kuwa moja. Usimamizi wetu wa karibu ulikuwa ni bodaboda iliyomwangusha mtu wa rika lake kwenye kitanda cha jirani. Na mnadani anakutana na wa rika lake, wananunua nyama, wanakula. Baba yake naye hakutuambia kwa sababu kwake ni jambo la kila mtu, kama kutuambia mwanawe anavuta pumzi.

Nilijaribu kumbishia kidogo. Nilimwambia pale stendi kila siku naona morani wanakula chipsi, mmoja mmoja, na simu mkononi, mbele ya akina mama hata hawajali.

"Wale ni wazima," akajibu. "Mtu mzima anaweza kuacha kitu. Mimi nimeachishwa kukimbia. Nimeachishwa kwenda mbali na ng'ombe. Wenzangu wakiruka kwenye ngoma mimi nitakaa. Hili nalo niliache, nitabaki na nini?"

Nilimwonea huruma. Ana miaka ya mwanangu wa pili, ambaye wakati huo alikuwa ananisumbua nimnunulie simu kubwa.

Kesho yake, kabla hata sijavua koti, nilimfuata mlinzi wetu wa getini, Mmasai, nikamwambia nimempatia kazi ya kula asubuhi na jioni bure. Alinisikiliza, akacheka mpaka akashika geti. "Mama, mimi ni mzee," akasema. "Rika langu ni la baba yake. Nikikaa kula naye ataniheshimu, na akiniheshimu hatashiba." Lakini aliwaza. Akaniambia kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi kando ya barabara kuu kuna vijana wanalinda usiku, wa rika lile lile kabisa, wawili wanatoka upande ule ule wa Ngorongoro. Wanatoka kazini saa kumi na mbili asubuhi. Wanaingia saa moja jioni.

Mtu asiyefanya kazi kama yangu hawezi kuelewa furaha niliyoipata. Nimewahi kuhangaika wiki nzima kulinganisha gari la wagonjwa na kliniki ya macho. Hapa lindo la duka na dozi ya insulini vilikuwa vimekutana vyenyewe.

Wakaja wawili, wananukia moshi wa lindo, wamepiga makoti makubwa juu ya shuka. Mjane aliandika masharti kichwani mwake, akawa anaweka sinia kwenye kibanda cha nje alikokuwa anafugia kuku, alichokisafisha na kukitandika magunia, anapiga hodi kwa mwiko, anaondoka bila kugeuka. Baada ya muda anakuta sinia limelambwa. Alikuwa akinilalamikia kwamba wale watu watatu wanamaliza unga kama mashine, na alikuwa anasema hivyo huku uso wote unang'aa. Kituo kikawa kinampa posho kidogo, na walinzi nao wakawa wanaleta maziwa. Sukari ikatulia. Daktari alisimama mbele ya ile karatasi ya vipimo, akaniuliza nimefanyaje. Nilipomweleza, alikaa kwenye kiti changu, akasema pole pole, "Na mimi nilikuwa nambadilishia dozi."

Baba alirudi, safari hii amevaa koti na viatu, kuja kumchukua mwanawe. Kijana alikuwa ameshajua kujichoma kuliko manesi wetu wapya. Hapo ndipo mimi na daktari tulipogombana.

Daktari hakutaka aondoke, na sababu zake zilikuwa za kweli. Huko juu kuna siku ng'ombe wanahamia malisho ya mbali. Kuna siku watu wanashinda na maziwa ya asubuhi mpaka giza. Mjini wale wenzake wana saa ya kuingia na kutoka kazini, kule hakuna. Na kama rika zima litatawanyika na ng'ombe, yeye atamsubiri mtu wa kula naye huku dawa iko mwilini. Mlinzi amtafutie kazi ya lindo hapa Karatu, akasema, aishi. Kuhusu kutunza dawa, ambayo hutaka ubaridi, wala hakuuliza sana, maana huko juu baridi ni ya kutosha, mtu akilala bila blanketi mbili anaamka anaumwa.

Tulimwita kijana tumweleze. Alisikiliza. Akasema, "Daktari, nakushukuru. Hapa nitakuwa hai. Lakini ng'ombe wa baba wako kule, na wenzangu wote niliotahiriwa nao wako kule. Wale wawili wanakula na mimi kwa wema. Ipo siku watahama kazi." Kisha akanigeukia mimi, siyo daktari. "Mama, wewe unasemaje?"

Ningetoa chochote nisiulizwe swali lile. Nikisema nenda na akafa, ni mimi. Nikisema kaa, nimemnyang'anya kila kitu nikamwachia pumzi. Nikamwambia asubiri. Nikamwambia daktari anipe gari siku moja.

Nilipanda na baba mtu pamoja na yule muuguzi wa zahanati. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka barabarani, magari ya watalii yanapita na taa mchana. Kwenye boma walikuwa wameshaitwa, vijana wa rika lake, wamekaa nje ya uzio kwenye nyasi, fimbo mapajani. Sikuwa na picha wala vipeperushi. Nilichukua kibuyu nikawaonyesha. Nikawaambia mwenzenu akichoma sindano, chakula lazima kiwe mbele ya macho yake. Asubuhi jua likitoka, jioni ng'ombe wakirudi. Siyo baadaye. Muuguzi alitafsiri kwa Kimasai kwa ajili ya wasiojua Kiswahili.

Mmoja wao, msemaji wao nadhani, akauliza, "Hiyo saa haisubiri?"

"Haisubiri."

"Hata akiwa peke yake?"

"Akiwa peke yake ale peke yake, asife," nikasema.

Walitazamana. Kisha yule msemaji akasema, "Tumesikia." Wakainuka, wakaondoka na fimbo zao.

Njiani kurudi nilimfokea dereva bure. Tumesikia! Mume wangu huniambia amesikia kila nikimwomba arekebishe bomba, na bomba linavuja mpaka leo. Muuguzi naye aliposhuka zahanati alisema tu, dada, tuwaamini. Nilifika Karatu sijui la kumwambia daktari. Nikamwambia wamekubali. Kijana akaondoka na lori, na dawa zake kwenye chupa ya chai iliyopoozwa, na kikopo cha sukari ambacho mjane alikifunga kwa uzi wa shanga akining'inize shingoni. Mjane alilia kama anamuozesha.

Baada ya hapo ikawa ni kusubiri simu kutoka juu ya kile kilima. Muuguzi akipata mtandao ananiambia amekuja kuchukua dawa, yuko vizuri. Kisha mvua zinakuja, barabara inakuwa utelezi, hapigi. Nilikuwa naamka nikiwaza saa kumi na mbili. Naweka uji mbele ya watoto wangu nikijiuliza yeye yuko na nani. Nilimwombea kanisani kwa sauti, mpaka mchungaji akaniuliza ni ndugu yangu yupi.

Mwishoni mwa mvua tulipanda kwenye kliniki ya mkoba, chanjo na wajawazito, vijiji vya mbele ya boma lao. Tulichelewa kumaliza. Tulipokuwa tunarudi jua lilikuwa linakaribia kuzama, na ukungu ulishaanza. Dereva akafunga breki. Mbele yetu barabarani walikuwa vijana wawili wanakimbia, shuka zimefungwa kiunoni, mmoja amekumbatia kibuyu, mwingine ana sufuria iliyofungwa kwa kitambaa. Nikamtambua yule wa kibuyu. Alikuwa msemaji.

"Sopai," nikawasalimu kwa dirishani. "Mnakimbilia wapi?"

"Epa, mama. Kwa mwenzetu. Ng'ombe wamempeleka mbali, kule bondeni. Jioni imefika."

Dawa ya asubuhi bado ilikuwa inafanya kazi mwilini mwake, na kama hakupata kitu tangu mchana, ilikuwa inamfagia. Nikawafungulia mlango wa nyuma. Waliingia na kukaa kwenye masanduku ya chanjo, kibuyu kimeshikwa juu kisimwagike. Dereva akatoka barabarani, akafuata njia ya ng'ombe. Nikageuka nikaona midomo yao imekauka, mmoja ana tope mpaka mapajani.

"Nyie mmeshakula?" nikauliza.

Walinitazama kama nimewauliza jambo la aibu.

"Tutakulaje," akasema msemaji, "na yeye hajala?"

"Leo?"

"Siku zote. Ulisema haisubiri. Sasa tunakula saa yake. Wote." Akafikiri kidogo. "Mwanzo tumbo lilikataa kula mapema hivyo. Siku hizi likifika jua pale, hata sisi tunatetemeka."

Tulimkuta amesimama ameegemea fimbo, ng'ombe wamemzunguka, kikopo cha sukari kimefunguliwa mkononi. Alikuwa ameshalamba. Jasho lilikuwa usoni lakini maneno yake yalikuwa yamenyooka, aliniamkia vizuri, akainamisha kichwa nimguse, ndiyo salamu yao kwa mkubwa. Nikamgusa. Nilimchoma kidole, nikapima. Ilikuwa chini, siyo ya kuangusha. Nikamwambia leo aanze kula, sindano baadaye, akasema anajua, muuguzi alimfundisha. Alikuwa amenenepa. Shingo imerudi.

Wenzake walikuwa wameshakaa kwenye nyasi. Sufuria imefunuliwa, ugali, kibuyu katikati. Hakuna aliyegusa. Nilisimama pale nikisubiri, maana kazi yangu kwa miaka yote imekuwa ni hiyo, kumwona mgonjwa kwa macho yangu anameza. Wao nao wakasubiri. Ilinichukua muda kidogo kuelewa wanamsubiri nani.

Basi nikawapa kisogo. Mimi mwanamke niliyeolewa, mama wa watoto, nilitembea mpaka mbele ya gari, nikasimama nikitazama ukungu. Nyuma yangu nikasikia kibuyu kinafunguliwa, kisha mtu anameza kwa mikupuo mikubwa, kisha mwingine, kisha wote watatu wanacheka kitu kwa Kimasai. Nililia, wala sikujificha, kwa sababu hakuna aliyekuwa ananitazama.

Dereva alitoa kichwa dirishani. "Mama," akaniuliza kwa sauti ya chini, "anakula?"

"Wanakula," nikamwambia.